Migebuka ya Kupimwa

Treni ilikuwa imekwama Kaliua tangu asubuhi, na Bibi Batuli alikuwa analitazama zaidi sanduku la bati kuliko alivyoutazama mzigo wake mwenyewe. Lilikuwa la Marcelina, binti wa kiti cha mbele, aliyepanda nalo Kigoma akiwa amelikumbatia kama mtoto mwenye homa. Sasa maji yalikuwa yakidondoka kwenye pembe yake moja.

"Barafu inakwisha, bibi," Marcelina alisema. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Ndani mna nini hasa, mwanangu?"

"Migebuka. Samaki wa kupimwa."

Ngollo, mkulima mnene aliyekaa dirishani, akacheka. "Mgebuka hupimwa kwa ugali, dada. Nipe mmoja, majibu utayapata sasa hivi."

Behewa zima likacheka. Marcelina akatabasamu kwa adabu tu, kisha akamgeukia Batuli na kumweleza polepole, kwa upole ambao si kila msomi anao kwa mtu mzima. Kuna dawa viwandani ambayo hutiwa kwenye vitu vya nyumbani visishike moto upesi: televisheni, kompyuta, nyaya. Vikichakaa vikatupwa, dawa ile husombwa na mvua kidogo kidogo hadi ziwani, ikakaa kwenye mafuta ya samaki. Kila mwaka yeye huchukua samaki sehemu zilezile, msimu uleule, aone kama inaongezeka. Kina mama wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanauliza kama waendelee kuwapa watoto maini ya migebuka. Jibu lao limo sandukuni. Samaki wakiharibika, jibu la mwaka huu limepotea, maana wale samaki wakubwa wameshahama.

Batuli hakuelewa yote. Kina mama aliwaelewa.

"Nenda katafute barafu," alisema. "Nitakaa nalo."

"Treni ikiondoka je?"

"Nitalishusha Tabora mwenyewe, nimkabidhi huyo mkubwa wako wa kazi anayekungoja. Nenda, mama."

"Lisipigwe na jua tu, bibi. Nakuomba." Akaruka chini, akakimbilia madukani.

Jua likageuka na kuingia dirishani. Batuli akavua kanga ya begani na kuitundika. Haikutosha. Ngollo, bila kuombwa, akasimama akaziba dirisha kwa mgongo wake mpana, jasho likimtiririka, hata mzaha akauacha. Matone yakawa mchirizi. Kisha king'ora kikalia, na mkaguzi wa tiketi akapita akisema wanaondoka wakati wowote.

Batuli akachungulia nje. Marcelina haonekani.

Akafungua sanduku. Barafu ilikuwa imebaki vipande kama mayai, na samaki waliofungwa kwenye foili walikuwa wanaelea. Foili nyingine zilikuwa zimeachia. Barafu huhifadhiwa kwa kufunikwa, hilo alilijua tangu utoto; watu hutumia pumba, blanketi, chochote. Naye chini ya kiti alikuwa na gunia zima la sponji za makochi ya zamani, alizozinunua Kigoma ili akajazie mito anayoiuza mtaani Ng'ambo, Tabora. Akalifungua. Akachambua sponji nzuri kuliko zote, akazishindilia katikati ya samaki, na palipoachia foili akapaziba kwa kipande. Akafunga kifuniko, akakikalia.

Mchirizi ukakoma.

"Bibi," Ngollo alisema kwa heshima, "wewe ungekuwa na kiwanda cha barafu."

Treni ikajivuta. Hapo ndipo pikipiki ilipotokea upande wa madukani, Irfan mwenye duka akiendesha, Marcelina nyuma yake amekumbatia ndoo ya barafu. Walikimbizana na behewa. Ngollo akainama mlangoni, akaipokea ndoo, kisha mkono wa binti.

"Ndoo yangu utairudisha ukipita tena!" Irfan alipiga kelele, vumbi likimfunika.

Marcelina alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. Akafungua sanduku. Kicheko kikakatika.

"Nani ameweka hizi?"

"Mimi, mwanangu. Barafu ilikuwa inatoroka."

Marcelina akachukua sponji moja, akaiminya. Maji ya manjano yakatiririka juu ya samaki. Akakaa chini sakafuni.

"Nimekuharibia," Batuli alisema.

"Hapana, bibi. Umenisaidia."

Batuli alikuwa amelea watoto wa kutosha kuujua uongo wa huruma. "Niambie kweli."

"Sponji za makochi nazo huweza kuwa na dawa ileile. Sasa sitajua ipi imetoka ziwani na ipi imetoka hapa." Akajifuta uso. "Sikukutajia sponji. Kosa ni langu."

Ngollo akajikuna kichwa. "Wasuuze hao samaki tu, dada. Watie barafu mpya. Nani atajua?"

Mkono wa Marcelina uliingia sandukuni, ukatoa sponji moja, ukaitupa dirishani. Ukatoa ya pili. Alikuwa anafanya haraka, bila kumtazama mtu. Batuli angeweza kunyamaza, na aibu yake ingeishia vichakani pamoja na zile sponji. Mkono ulipotoka mara ya tatu, akaushika.

"Na wale kina mama wataambiwa nini?"

Marcelina akaiachia sponji.

"Watoto wao watanyimwa chakula kwa ajili ya dawa iliyotoka kwenye sponji zangu?" Batuli aliongeza.

Karibu na Urambo mtandao ukapatikana, Marcelina akampigia mkubwa wake, Daktari Alois. Batuli alisikia upande mmoja tu. "Wote, daktari… Ndiyo, maji ya sponji yameingia hadi ndani ya foili… Niliondoka mimi." Kisha akasikiliza. "Najua. Nitawaambia mwenyewe mwaloni kwamba mwaka huu hatuna jibu."

Alipokata simu, macho yalikuwa mekundu lakini mabega yamelegea kama ya aliyetua mzigo.

Batuli akaitazama mikono yake, vumbi la manjano likiwa limeganda kwenye mistari ya viganja. "Na mimi ninayechambua sponji kila siku? Na wanaolalia mito yangu?"

"Sijui, bibi. Si sponji zote zina dawa. Zako hatujazipima."

"Basi kata." Akamsogezea gunia. "Chukua kwenye kila rangi. Mpaka uniambie, mito nitajaza pamba."

"Pamba si ghali, bibi?" Ngollo aliuliza.

"Wewe utaniletea. Si unalima?"

"Ah! Nimejitakia."

Hata Marcelina akacheka kidogo. Akakata vipande, akavifunga mbali na samaki. Barafu ya Irfan ilikuwa bado nzima ndani ya ndoo, na watoto wa behewa walikuwa wameshaizunguka. Mmoja akamfungulia Batuli kinywa kama kinda, akitaka kipande.

Batuli akarudisha mikono nyuma. "Mpe wewe, Marcelina," alisema. "Mimi bado sijanawa."