Yaliyoamuliwa Jikoni

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukai kimya. Kwa kuongea hakuwa na mpinzani; kwa kuandika, mvivu wa kutupwa. Yeye na shemeji yake, mume wa dada yake, ndio walioanzisha programu ya bure ya kuazimishia vitabu, na maktaba nyingi ndogo zikaipenda. Wenzao wa kujitolea walikutana kwenye jukwaa la mtandaoni, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa mkutubi mstaafu waliyembatiza Babu Nukta, maana hakuna sentensi iliyompita bila kusahihishwa. Ndiye aliyeandika mwongozo wa programu, na kila hatua alimjaribishia mkewe, asiyejua kompyuta. "Bibi amekwama hapa," angeandika. "Basi tumekosea sisi, si yeye."

Jumapili moja, wakimenya viazi jikoni kwa dada, shemeji alisema, "Ile sehemu ya kuazimisha bila mtandao inatutoa jasho. Tuing'oe?"

"Ing'oe, shem. Nani anaitumia siku hizi?"

Wakaafikiana hapo hapo, wakahamia soga nyingine. Jukwaani hakuna aliyeandika hata neno.

Toleo jipya likatoka. Kesho yake Babu Nukta akatuma sura mpya ya mwongozo, ndefu, yenye picha, iliyomchukua msimu mzima wa mvua: namna ya kuazimisha bila mtandao. Maktaba aliyokuwa akiisaidia haikuwa na mtandao. Chini aliuliza, "Sehemu yenyewe siioni tena. Mliamua lini? Nimepekua jukwaa zima."

Chiriku, mguu mmoja nje akiwahi kazini, akajibu, "Tuliongea tu na shem, babu. Pole."

Jioni likaja jibu. "Haya, mjukuu wangu. Kumbe kuna kikao nisichokijua. Watu wa hapa nimeshawaahidi. Sijui nitawatazamaje."

Chiriku akampigia shemeji. "Tumemwaibisha mzee wa watu."

"Mwombe radhi, yaishe."

"Hayaishi hivyo, shem. Turudishe tulichong'oa."

Wakakirudisha, kazi ya wiki kadhaa. Chiriku akaomba radhi jukwaani mbele ya wote, kwa maandishi marefu kuliko yote aliyowahi kuandika.

"Ahsante," alijibu Babu Nukta. "Lakini hapa tumesharudi kwenye kadi za karatasi, na watu wameridhika. Sina kinyongo. Mwongozo mpeni mwingine."

Mwingine hakupatikana, ikabidi Chiriku auchukue mwenyewe. Siku hizi shemeji akianza, "Unaonaje tuki...", humkatiza: "Andika kule, wote waone." Watu hujibu, hupinga, wakati mwingine huja na wazo zuri kuliko lao. Naye husoma majibu yote hadi la mwisho, akitafuta jina moja, kisha hufunga kompyuta.