Taa Nyekundu ya Gari ya Katembo

Asubuhi ile ya alhamisi Benita alikuwa ameshakaa kwenye kiti ya nyuma na mufuko yake ya nguo. Mutoto alikuwa amelala kingamo tumboni mwake, na daktari wa Goma alikuwa amesema: alhamisi mbele ya jioni musikose, tutamupasua. Benita ni mujukuu wangu, mimi Koko, bibi yake, njo nilimulea. Bwana yake Katembo, Munande wa Butembo, iko na gari ndogo ya zamani yenye kushusha watu kutoka Masisi mupaka Goma. Tulipaswa kushuka nayo.

Lakini taa za tablo, pale penye mishale mbele ya volani, ule usukani, zilikuwa zimekufa tangu mwezi muzima. Juma lililopita mafuta ilimuishia Katembo kule Mubambiro saa ya magaribi, kwa sababu hakuona mushale wa mafuta. Benita akamuambia wazi: "Mimi sishuki Goma na gari ya kipofu." Basi tulipitia kwanza kwa Habineza, mekanisie, fundi wa magari wa juu ya soko.

Habineza alifungua tablo kwa turnevisi, ile bisibisi yake, akaigeuza mugongo, akaanza kutoa ampule za taa moja moja. Ni vitu vidogo kama mbegu ya maharagi. Zingine zilikuwa nyeusi, zimeungua. Halafu akaweka kidole kwenye tundu moja.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Haikuungua. Ilitolewa."

"Weka ile imebakia tu," Katembo alimujibu. "Hiyo tundu uiache."

"Papa Katembo, tundu ya ampule si ya kupanda kabichi." Akaweka ampule mupya, akarudisha tablo, akawasha moteri.

Mishale yote ikaonekana vizuri. Benita akacheka. Vitaa vidogo vilizimika kimoja kimoja, kama inavyopaswa moteri ikishawaka. Kimoja kikabaki. Chekundu, pale chini kando ya volani.

"Toa hiyo," Katembo alisema, pole sana.

"Ni ya nini?" nikauliza.

Habineza alikanyaga pédale ya freni, na nikaona goti yake inashuka, inashuka, mupaka mwisho. Akatoka, akafungua mbele, akachungulia kikopo ya mafuta ya freni. Akalala chini ya gari. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa vinangaa mafuta.

"Mupira ya kupitisha mafuta ya freni imepasuka kwa gurudumu ya kushoto," alisema. "Mulitaka kushuka kilima ya Sake na hii?"

Nilikaa kwenye gurudumu kuukuu iliyokuwa pale. Nilimuangalia Benita na lile tumbo.

"Katembo," nikasema, "ni nani alitoa ile ampule?"

"Ni mimi, Koko."

"Sababu?"

Aliangalia viatu yake. "Wamama wa kuuza formaji, ile jibini. Wakifika parkingi wanachungulia tablo kwanza. Wakiona nyekundu hawapandi, hata uwape kiti ya mbele. Gari ya shofere mwenzangu Marcellin ilikuwa inajaa, yangu inabaki. Pédale nilisikia inashuka kidogo, nikasema ni uzee wake tu."

"Na wamama walifundishwa na nani kuchungulia?"

Benita njo alijibu, pole, kutoka ndani ya gari: "Ni wewe, Koko. Ile kitendawili yako."

Nilijua mbele hajamaliza kusema. Bwana yangu marehemu, Léopold, alikuwa shofere wa plantasio, yale mashamba makubwa, yeye njo alinionya juu ya taa nyekundu ya freni. Mimi nikaipeleka kwa wamama kwenye kiwanja ya kanisa, nikaitega kwa kucheka: *Iko na jicho moja, haina mudomo, ikikuangalia, usipande.* Walipenda sana. Waliipeleka mupaka Bweremana. Lakini sikuwaambia jicho linalinda nini. Wakafikiri ni jicho ya bahati mbaya tu. Na bashofere wakatoboa jicho.

"Nitolee mupira kama hiyo kwa gari ingine," nilimuambia Habineza. Alikuwa ameshaanza. Kulikuwa gari bovu nyuma ya garaji yake, akakata, akafunga, akajaza mafuta, akamuambia Katembo apige pédale mara na mara mupaka ikakuwa ngumu. Kitaa chekundu kikazimika. Ilikuwa saa ine ya asubuhi.

Tulipopitia parkingi, Marcellin alikuwa anafunga mulango ya gari yake. Wamama sita ndani, na vikapu vya formaji kwa magoti. Nikaenda kwa dirisha yake.

"Papa Marcellin, zima moteri, halafu geuza funguo pole pole bila kuwasha, nione."

"Koko, watu wamechelewa."

"Geuza tu."

Akageuza. Vitaa vya njano viliwaka. Nyekundu, hakuna. Hata mara moja. Nikamuangalia, naye akaangalia mbele, barabarani.

Nikaenda kwa gari ya pili, halafu ya tatu. Hakuna.

"Mushuke," niliwaambia wamama wa kwa Marcellin. "Ile maneno niliwafundisha vibaya. Gari yenye haionyeshi nyekundu kwanza, mbele moteri haijawaka, ilitolewa ampule, njo yenye musipande." Wawili walishuka. Wane walibaki wamekaa, wananiangalia kama muntu amechanganyikiwa.

Nikashika mulango ili niwaambie tena.

"Koko," Benita aliniita kutoka gari ya Katembo, mukono juu ya tumbo, "panda. Daktari anangoja."