Simu Niliyokatazwa Kupokea

Mimi nina wivu, na sioni haya kusema. Mume asiye na wivu ama ni malaika ama ana mwingine pembeni. Mimi si malaika, na sina mwingine ila Assia.

Shida ilianza alipochaguliwa kwenye kundi la vijana wanaotengeneza mambo ya kompyuta ya kusaidia watu. Walikuwa wakikutana mtaa wa Kigobe, chini ya mwalimu wao aitwaye Léonce. Siku ya kwanza alirudi na furaha, akaanza kunieleza mradi wake: mtaa wa Carama, maji ya bomba, kina mama kwenye foleni na bidoni tupu za kutekea maji. Katika sentensi tatu jina la Léonce lilitajwa mara nne. Nikaongeza sauti ya redio. Hakurudia tena kunieleza.

Karimu, ninayefanya naye kazi gerejini Buyenzi, alinichokoza: "Fundi Tajudini, bibi yako siku hizi anacheka kwa Kifaransa. Chunga!" Nilicheka pia, lakini lilinichoma. Dalili ya mvua ni mawingu.

Basi Jumanne mchana umeme ulikatika nyumbani. Assia akaja gerejini na simu ndogo ambayo sikuwahi kuiona, akaichomeka ukutani mwenyewe.

"Baba Houda," akasema. Ananiita hivyo kwa jina la binti yetu. "Naomba kitu moja. Ikilia, usiikamate. Acha ilie mpaka inyamaze yenyewe."

"Kwa nini?"

"Ni ya mradi. Nilitaka kukueleza, we hukutaka kusikia."

Akaenda zake Kigobe kujiandaa. Kesho yake waamuzi watatu walikuwa wachague miradi miwili tu ya kusaidiwa mwaka mzima. Atakayeachwa, kazi yake inaishia hapo.

Hajafika hata kona, simu ikalia mara moja, ikakatika. Bip. Nami najua bip ni nini. Nilipokuwa namchumbia Assia nilikuwa nikimbip kila jioni, naye akijua nimesimama nje ya kwao. Ikalia tena, namba nyingine. Tena, nyingine. Zilifika kumi na moja kabla sijafungua nati hata moja.

Iliyofuata niliiwahi.

"Allo! Nani?"

Sauti ya mwanaume ikajibu: "Aa, apana, mi nilikuwa nabip tu..."

"Unabip bibi ya mutu? We nani? Rudia tena, nitakufuata hukohuko uliko!"

Niliwapokea wote. Wengine walikuwa wanawake, nao nikawaambia wamfikishie salamu huyo anayewatuma. Kufika alasiri simu ilinyamaza kabisa, nikala chapati mbili kwa raha ya mtu aliyefukuza wezi.

Kesho yake kila kijana aliruhusiwa kuja na mtu wa nyumbani. Nilipiga pasi shati, lakini si kwa ajili ya mradi. Nilitaka kumwona Léonce. Nilimwona: kijana, mrefu, viatu safi. Nilimchukia palepale, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alinisalimia kwa heshima.

Assia akasimama mbele. Ukutani palikuwa na ramani ya Carama yenye doti ishirini nyekundu, kila moja robine, yaani bomba la maji la mtaa.

"Wanaochunga robine hawana intaneti," alisema, "lakini kila mmoja anaweza kubip bila kulipa. Maji yakifika, anabip. Tukiiacha simu hii ndogo bila kuipokea, mashine inatambua ni robine gani, doti inageuka kijani, na majirani wanapata ujumbe. Jana walikuwa wanafanya mazoezi. Leo maji yanafika saa nne."

Nikawakumbuka wote niliowafokea jana. Safari hii nilisikia kila neno.

Saa nne ikafika. Saa nne na robo. Doti zote nyekundu. Mama mwenye miwani, mkuu wa waamuzi, akatazama saa yake. Assia akampigia mmoja wa wachunga robine, Mama Léocadie, akaweka sauti kubwa.

"Mama, maji haijafika?"

"Imefika zamani, mutoto wangu. Lakini sisi tunaogopa. Jana kuna mwanaume alikamata telefone, akatutukana, akasema atatufuata huku. Na unités zetu za kupigia simu akazimaliza. Tumeambiana mutu asibip tena."

Ukumbi wote ulisikia. Assia aligeuka akanitazama, mara moja tu. Kisha akawaambia waamuzi, "Kosa ni langu. Nilidhani simu nimeiacha mahali salama."

Nilitamani ataje jina langu. Nilitamani anitukane mbele za watu.

Yule mama akasema watasubiri mpaka saa nane. Doti zisipogeuka, nafasi ni ya mwingine.

Nilimkimbilia nje. "Assia, twende wote Carama. Nitawaomba radhi mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Wanajua sauti yako. Ukifungua tu mudomo, watafunga milango. Naenda na Léonce, yeye wanamuamini."

Wakapanda gari la Léonce, gari kuukuu. Halikuwaka. Akajaribu tena, likakohoa, likazima. Nilijua kwa kusikia tu kwamba ni waya wa betri. Ningenyamaza, wangechelewa, na mke wangu angeshuka. Wivu uliniambia ninyamaze.

Assia alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani. Hakuniomba chochote.

Nikafungua boneti. Nikasugua ncha ya waya kwa pindo la shati, nikaomba spana, nikakaza.

"Washa," nikasema.

Likawaka. Léonce akatoa kichwa dirishani: "Merci, kaka." Wakaondoka, Assia kwenye kiti cha mbele, ubavuni mwake, vilevile nilivyokuwa nikiwaona kichwani wiki nzima. Sasa niliwaona kwa macho, na gari nimewawashia mimi.