Sumaku ya Mzee Misumari

Mzee Misumari alizeekea stoo ya kiwanda cha misumari, na kila jioni aliburuta sumaku sakafuni. Kilichonata kilirudi kwenye ndoo, kisichonata kilifagiliwa jalalani. Alipostaafu aliondoka na ile sumaku shingoni, na elimu moja kichwani: chuma halisi hunata, mengine yote ni uchafu wa wajanja.

Basi nyumba yake ikakiona cha mtema kuni. Sufuria za alumini hazikunata, zikatupwa, na mkewe akabaki akinyanyua masufuria ya chuma mpaka bega likamuuma. Koki ya shaba ikang'olewa, ikafungwa ya chuma, na haukupita muda maji yakawa yanatoka mekundu. Chai iliiva rangi kabla haijatiwa majani. Fundi umeme aliyeambiwa ang'oe nyaya za shaba aweke za chuma alikataa katakata, akaitwa tapeli, akabeba koleo zake akaenda zake. Majirani walimwamkia mzee kwa adabu zote, kisha wakaenda kumcheka kwao. Ukimwambia neno, alikujibu kwamba wewe vyuma umeviona juzi.

Binti yake wa mwisho aliyavumilia yote hayo. Vijiko vilipotupwa, alikula kwa mkono. Ila sasa alikuwa amepata mchumba, anampenda kufa, na mchumba mwenyewe, jamani, alikuwa sonara.

Sonara alikuja kujitambulisha na pete aliyoifua kwa hereni za marehemu mama yake, dhahabu tupu. Binti alikuwa amemsihi mama yake aifiche ile sumaku walau siku hiyo, mama akamwambia mwanangu, huyu mtu anaoga nayo. Na kweli, mgeni hajamaliza hata salamu, mzee akaishusha sumaku juu ya pete. Pete ikatulia tuli. Sonara akajaribu kueleza, kwa upole, kwamba dhahabu haishikwi na sumaku. Mzee akamwambia mwizi yeyote angesema hivyo hivyo, akamwonyesha mlango. Binti alikimbilia jikoni akalia kwa uchungu.

Haikupita wiki, akaja dalali mmoja mwenye maneno matamu, ambaye binti hakuwahi kumtazama mara mbili. Dalali alikuwa amepata habari za ile sumaku, nani asiyezijua? Pete yake ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya kucha ya dhahabu. Sumaku ilipoisogelea tu, pete iliruka kutoka kiganjani ikanata. Mzee machozi yakamlengalenga. Alisema tangu azaliwe hajaona dhahabu yenye nguvu namna ile, akamkumbatia dalali, akamwita mkwe wangu, akataka siku ya harusi itajwe hapo hapo.

Binti alikuwa amesimama na sinia la chai, ile nyekundu. Baba yake hakuwa mbaya. Alikuwa anamwoza kwa rangi ya kucha, naye angefungwa na mtu huyu maisha yake yote. Akaliweka sinia chini, akapiga magoti mbele ya baba yake, akanyoosha mkono.

"Baba," alisema, "nipime na mimi."

Mzee akacheka, akadhani ni deko la mwanawe kipenzi. Akaibandua pete akaiweka kwenye sinia, akaigusisha sumaku kiganjani mwa binti, haikushika. Akaipandisha mpaka begani, akaigeuza upande wa pili, akaibandika tena kwa nguvu. Ikateleza.

"Basi ndivyo nilivyo, baba," binti akasema. "Wa jalalani. Niache niende kwa yule uliyemfukuza, tufanane."

Akaiokota pete kwenye sinia, akainuka, akampa dalali, akatoka. Mzee akageuka amtafute mkewe amsaidie kumrudisha mtoto. Mkewe alikuwa mlangoni, ameinama, anavaa viatu.