Fika Bila Kuondoka

Gerson, mtoto wa shangazi yangu, amepewa koti lenye mifuko mingi, na tangu apewe hajalivua. Jua la Septemba linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli, yeye anazunguka kijiji chetu cha Ntalikwa na koti lake, mgongoni limeandikwa "Fika Bila Kuondoka". Hiyo ndiyo kaulimbiu ya kampuni iliyomwajiri. Maana yake ni kwamba mtu aliyeko Ujerumani anavaa miwani minene kama ya mchomelea vyuma, anakaa kwenye kochi lake, na papo hapo anajiona amesimama huku kwetu, mbele ya lundo letu la mawe. Vumbi halimpati, mbung'o hawamuumi. Amefika.

Niliposikia maneno hayo nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu kufika si neno la kuchezea.

Lundo liko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi kwenda Bagamoyo na pembe za wenyewe mabegani. Katika ukoo wetu, anayekwenda mbali huchora alama yake kwenye jiwe akaliweka pale. Akirudi, kabla hajatia mguu nyumbani, hulinyanyua jiwe lake akalibeba hadi kwa wazazi, likawekwa chini ya mtungi wa maji. Hapo ndipo anapoambiwa karibu ndani, na hapo ndipo anapopewa pole na safari. Asiyelinyanyua, hata akila ugali wetu, huwa tunasema hajafika, bado yuko njiani. Mawe yaliyobaki pale ni ya waliokwenda wasirudi: wapagazi wenyewe, waliokwenda kukata mkonge Tanga, waliopotelea migodini. Hakuna aliyezikwa pale. Wale ni watu wanaosubiriwa.

Baba yangu, Mzee Bernardo, alikuwa katekista hadi miguu ilipomshinda. Padre mmoja mgeni aliwahi kumuuliza kama hayo si mambo ya mizimu. Baba akamjibu, "Mungu anajua nani kafika, Padre. Jiwe ni kwa ajili yetu sisi tusiojua."

Kampuni ilipokuja, Gerson ndiye aliyeipokea, kwa sababu Gerson hupokea chochote kinachokuja na gari. Binti wao kutoka Dar es Salaam, anaitwa Julieth, alimuuliza kama pale pana makaburi. Gerson hajui kumwambia hapana mtu mwenye kompyuta, basi mahali petu pakaandikwa "Makaburi ya Wapagazi". Yeye mwenyewe hana jiwe pale na hajawahi kuwa nalo. Mbali alikowahi kwenda ni Isevya, hapo mjini Tabora, kununua chaja ya simu. Wakarusha droni, wakapiga picha kila jiwe kila upande, kisha wakamrekodi Gerson awakaribishe wageni kwa Kinyamwezi. Akasema, "Mwangaluka!" Ukivaa ile miwani unaona jua linazama, anga jekundu, ndege wanarudi viotani, na sauti ya Gerson inakuamkia salamu za asubuhi. Wameiacha hivyo hivyo mpaka leo.

Hayo ningeyavumilia, maana mjinga hajawahi kuninyima usingizi. Lakini walipomaliza picha zao wakasema mahali penyewe pasije pakatofautiana na pale pa kwenye miwani. Wakazungushia waya. Kisha wakamwaga saruji katikati ya mawe ili lisitikisike hata moja. Mimi nilikuwa bondeni kwenye kitalu cha tumbaku. Niliporudi, Gerson alikuwa ananawa mikono, koti limerukiwa na matone meupe, na saruji imekwisha shika.

Ndani ya saruji ile lilikuwamo jiwe la kaka yangu Xavery.

Xavery alikwenda Msumbiji kuchimba vito akiwa kijana. Alichora msalaba kwenye jiwe lake, ukapinda kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi. Miaka yote Baba alikuwa akitoka kanisani Jumapili anapita lundoni, anaufuta vumbi msalaba ule kwa leso yake, ndipo anakuja kula. Mwaka huu figo zikamlaza Baba kitandani, na daktari akatuambia tumwite kila mtu wa kuitwa. Xavery akaja. Alishuka kituo cha mabasi na begi lake, akaenda moja kwa moja lundoni kama inavyotakiwa, akakuta waya, saruji na Gerson.

Akaja nyumbani mikono mitupu, akasimama uani. Baba alimsikia sauti kutoka chumbani.

"Ni Xavery?" akaniuliza.

"Ndiye, Baba."

"Jiwe analo?"

Nikamweleza. Akageukia ukuta. "Basi bado yuko njiani. Mpe kiti hapo nje, apumzike."

Msimwone Baba mkatili. Mtu aliyefuta vumbi jiwe miaka yote hiyo hawezi kujifanya halikuwa na maana siku ambayo lingemfaa. Xavery naye alikuwa mwana wa baba yake, hakubisha. Akakaa barazani. Baba anamsikia akikohoa nje, yeye anamsikia Baba akigumia ndani, ukuta wa tofali katikati, na Baba anazidi kuisha. Nilikuwa na hasira hata chumvi nikaweka mara mbili.

Nikaenda Ipuli walikopanga ofisi. Julieth alinipokea vizuri, akanipa soda.

"Dada Dafrosa, tunaelewa kabisa hisia zenu," akasema. "Ila tukibomoa sehemu moja, tumeharibu urithi."

"Urithi wa nani?"

"Wa dunia nzima, dada. Halafu suluhisho lipo! Kwenye miwani mawe yananyanyuka. Wageni wanapenda sana hapo. Kuna moja lina msalaba umepinda, hilo ndilo kila mtu analinyanyua."

Nikaiweka soda chini. Yaani watu wasiotujua, wenye soksi miguuni, walikuwa wanalinyanyua jiwe la kaka yangu kila siku, na kaka yangu mwenyewe amekaa barazani kama mdai.

"Usinune, mtani wangu," Julieth akacheka. "Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi, tumetoka mbali."

"Mtani huchukua kuku, binti," nikamwambia. "Hachukui njia ya mtu ya kurudi kwao."

Hakusikia. Kesho yake akaja nyumbani na gari, miwani miwili na mpiga picha. Gerson mbele, anatuonyesha mlango wa nyumba yetu wenyewe. Nilitaka kuwafukuza, lakini Xavery akasema, "Acha, Dafrosa. Labda Baba ataridhika." Alikuwa amechoka kuwa njiani.

Wakamvisha Baba miwani kitandani, na Xavery wakamvisha ya pili pale pale barazani, ili waone pamoja. Sauti ya Gerson ya kwenye miwani ikaamkia watu mwangaluka. Baba akainua kichwa.

"Naliona," akasema. "Lile pale, la msalaba." Sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Naona mkono. Xavery, ni mkono wako?"

"Ni wangu, Baba," Xavery akaitikia kutoka nje. "Nalinyanyua."

"Umelinyanyua! Umelinyanyua, mwanangu, lete, lete..." Baba akakunjua mikono yake miwili kwenye shuka kulipokea.

Kisha akatulia. Mikono ikabaki wazi.

"Limerudi," akasema. "Mbona limerudi pale pale? Xavery, umeondoka tena?"

"Hujirudisha lenyewe, Mzee," Julieth akaeleza kwa upole, "ili mgeni mwingine naye alinyanyue."

Baba akalia. Machozi yakatoka chini ya ile miwani, na mpiga picha akasogea karibu. Siku zile zile wakaipachika picha hiyo kwenye tangazo lao: "Mzee wa Tabora alia kwa furaha akimpokea mwanawe." Kwa furaha! Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu amemtazama mzee akimpoteza mtoto mara ya pili, akaona furaha.

Siku ile, gari lao lilipowashwa, mimi nilikuwa nimeshachukua nyundo na tindo. Xavery akanifuata bila kuuliza. Gerson alitukimbilia mpaka kwenye geti la waya, anahema.

"Dafrosa, hii ni mali ya kampuni!"

"Fungua, au nakuvua hilo koti hapa hapa watu wakuone."

Akafungua. Kwa jinsi anavyolipenda koti lile, angefungua hata mlango wa benki.

Jiwe lilitoka na bonge la saruji limelikumbatia upande mmoja. Xavery akalibeba kifuani hadi mlangoni kwa Baba, akasimama kwenye kizingiti, nami nikalipokea nikaliweka mikononi mwa Baba. Akapapasa mpaka kidole gumba kikaupata msalaba.

"Hiki kilichong'ang'ania ni nini?"

"Saruji, Baba."

"Ya nani?"

"Ya Gerson."

"Mpumbavu," akasema Baba, na nikafurahi, maana lilikuwa neno lake la kwanza lenye afya mwezi mzima. "Wekeni."

Nikaliweka chini ya mtungi. Kwa sababu ya lile bonge mtungi ukakaa upande, na mpaka leo umekaa upande. Baba akaomba maji. Xavery bado alikuwa kizingitini, mtu mzima mwenye mvi, anasubiri.

"Karibu ndani," Baba akasema.

Xavery akaingia. Akachota maji kwa kata, akapiga magoti, akamshikia Baba akanywa. Baba akajifuta mdomo, akamtazama vizuri usoni bila miwani ya mtu.

"Pole na safari, mwanangu."

"Nimeshapoa, Baba."