Viti vya Mahafali

...na sasa anamuuliza lile swali lenyewe, mkuu wa stoo, mzee wa miwani iliyofungwa kamba shingoni, hata uso hajainua, kalamu iko tayari juu ya karatasi, "Haya binti, tuambie siku uliyopata tatizo ukalitatua," na mama wa utumishi aliyekaa pembeni yake anajikuna kidevu asije akacheka, nimemwona, anasubiri viti, wote wawili wanasubiri viti, Mungu wangu, maana vijana wangu wawili waliotangulia asubuhi hii wamekaa pale pale alipokaa huyu na kila mmoja kwa mdomo wake amesema kwamba siku ya mahafali shuleni kwao viti vilipungua, wageni wamesimama, yeye akapita nyumba za jirani akaazima mabenchi, shughuli ikafana, mkuu wa shule akampa mkono... yule wa kwanza walimsikiliza vizuri kabisa, mzee akaitikia kwa kichwa akasema kijana anajieleza kwa mpangilio, nami huku kwenye kona, kwenye kiti cha plastiki nilichopewa kwa sharti la kutofungua mdomo, nikaumuka kama unga uliotiwa hamira, huyo nimemfundisha mimi, halafu akaja wa pili, alipofika kwenye mabenchi mzee akaweka kalamu chini, "Kwani shule zenu hazina viti?" na mama wa utumishi akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na kijana wangu naye akacheka, maskini, akidhani ndiyo dalili ya kupendwa... nilitazama sakafu, nimeijua sakafu hii sasa, ina kigae kimoja kilichopasuka kuanzia mguu wa meza hadi kwenye kiatu changu.

Na mahafali yenyewe hayakuwapo, wala mabenchi, nilivitunga vyote jioni moja nikisubiri maji ya kuoga yachemke, kesho yake kulikuwa na somo la kujieleza mbele ya mwajiri na nilitaka mfano wenye tatizo, hatua na matokeo, mfano tu, niliwaambia ni mfano, nadhani niliwaambia, lakini mbona niliwasahihisha waliposema viti havikutosha badala ya viti vilipungua, nani anasahihisha mfano mpaka nukta ya mwisho kama hataki ukaririwe, akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nimewanyoa wote nikawavisha wigi moja, kisha nikawaleta kwa watu walewale, chumba kilekile, asubuhi ileile, nikitumaini hawatafananishwa... "Chukua muda wako," anasema mama wa utumishi, si kwa ubaya, na binti ananitazama mimi, usinitazame mimi mwanangu, watazame wao, wao ndio wenye kazi, nafasi ni moja na mama yako leo hakwenda sokoni, amebaki na baba yako wanasubiri simu, uliniambia getini, ulikuja na viatu vya mama umevijaza karatasi puani visikuvuke... hapana, si uso wangu anaoutazama, anatazama goti, kwa sababu darasani jibu likienda ninavyotaka mimi nagonga goti kwa vidole viwili, tik, tik, endelea, na wao wameshajua kusoma goti langu kuliko uso wa anayewauliza, hilo nalo nimelifundisha bila kulipangia kipindi.

Na huyu hakuhitaji viti vya mtu, huyu alikuwa na lake, alilisema siku ya kwanza wenzake wakiwa bado wanatafuta cha kusema, kwamba baba yake haoni, macho yaliondoka kidogo kidogo, na alichoka kutiliwa chai kama mtoto, siku moja wenyewe hawapo akajitilia, badala ya sukari akaweka chumvi, akainywa yote kwa aibu ili wakirudi wasijue, ndipo binti akachukua ile mipira myembamba ya kufungia vifurushi akaivisha kwenye makopo, chumvi mpira mmoja, sukari miwili, majani mitatu, na chupa za dawa zake hivyo hivyo, ya asubuhi mmoja, ya usiku miwili, baba akapapasa kopo moja moja, halafu akasema, "Haya, sasa nitokeeni jikoni kwangu," na darasa zima lilicheka, kicheko kizuri, sijakisikia tena darasani kwangu, na mimi nikafanya nini, nikatazama saa, "Vizuri, lakini hayo ni ya nyumbani, mwajiri hataki habari za jikoni, anataka kuona uongozi, wewe tumia ule mfano," na yeye akasema, "Sawa, mwalimu," akakaa... habari za jikoni, na hapa ni stoo ya dawa, ukuta ule pale umejaa maboksi mpaka darini, kazi inayotangazwa ni kupanga chupa ili mtu mwenye haraka asishike isiyo yake, binti ameshaifanya kazi hii nyumbani kwao na aliyeonja makosa yake ni baba yake mzazi, mimi nikamwambia afadhali akaazime mabenchi. Ingekuwa ujinga ningejisamehe, lakini haukuwa ujinga, ulikuwa woga, viti vya mahafali vilishapitisha watu kwa waajiri wengine na kituo ninapofundisha huniuliza kila mwezi ni wangapi wamepita, mtoto anayesema lake hujui atakutokea wapi, anaweza kukwama, anaweza kulia, mwenye viti anafika mwisho salama na mimi naonekana nimefanya kazi, basi nikachagua nionekane mimi.

"Binti, tunakusikiliza," anasema mzee, kalamu bado iko hewani, na leo asubuhi pia, getini, nilimkagua kola, kucha, nywele, nikauona mpira mmoja mkononi mwake kama bangili, nikamwambia, "Toa huo, unaonekana muuza nyanya," akautoa, akanipa, hakusema ni wa nini wala mimi sikuuliza, nao umo kwenye pochi yangu sasa hivi pamoja na funguo na leso, na yeye anasugua ule mstari uliobaki kwenye ngozi, anasugua huku macho yako kwenye goti langu, anasubiri nigonge, na vidole vyangu, haya, vidole vyangu vinainuka vyenyewe kwa mazoea... navikalia, nakalia mikono yote miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa, nikifungua mdomo wanamtoa, nikigonga anaazima mabenchi, mzee analaza kalamu na simu haipigwi... mara ngapi nimewaimbia usinyamaze, kimya kinakula alama, sema chochote, mwajiri akiona kimya anaona kichwa kitupu, na sasa naombea kimya, mimi, ananitafuta vidole havioni, uso wake unapotea kidogo, najua, nimekuacha peke yako, ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo, macho yake yananiacha goti yanashuka kwenye mkono wake, kwenye ule mstari, mama wa utumishi ameacha kujikuna kidevu, nyamaza, mwanangu, nyamaza hivyo hivyo, usifungue mdomo mpaka yangu yote yakutoke.