Mrushaji Aliyezaliwa Januari Mosi

Katika kanisa la Wakongomani wa Garland, Texas, nusu ya waumini walizaliwa Januari mosi. Si muujiza. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, karani aliyekosa tarehe ya mtu aliandika Januari mosi na kumwita anayefuata. Ndiyo maana kila mwaka mpya mchungaji huwasimamisha wote kwa pamoja, wakaimbiwa mara moja, biashara ikaisha.

Zéphyrin, mkata vioo katika kiwanda cha madirisha, alikuwa mmoja wao. Mwanawe Gracien pia. Kwa mujibu wa karatasi, Gracien alikuwa na miaka kumi na minne, ila mkono wake ulikuwa haujaisoma karatasi hiyo. Alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya vijana wasiozidi miaka kumi na minne, na mpira ukimtoka, mpigaji wa upande wa pili alikuwa bado anainua gongo lake wakati mdakaji ameshautia kwenye glavu.

Miaka miwili ya kwanza Zéphyrin hakuuelewa mchezo huo hata kidogo. Machoni pake ulikuwa mkutano wa watu waliovaa sare wakisubiri jambo litokee. Alichoelewa mapema ni kwamba mwanawe, aliyefika Texas akiwa mtoto wa kujificha nyuma ya kitenge cha mama yake, sasa alisimama peke yake juu ya kichuguu cha mrushaji katikati ya uwanja, watu wote wakimtazama, na hakutetemeka. Alijifunza kunyamaza akizomewa. Alijifunza kukosea na kurusha tena. Kwa hayo tu Zéphyrin aliupenda mchezo kabla ya kuujua.

Kitu kimoja alikijua na hakukisema: Gracien alikuwa na miaka kumi na sita.

Mwezi wa tano timu ilikwenda Houston kwenye mashindano. Mechi ya asubuhi Gracien aliwamaliza wapigaji mmoja baada ya mwingine, mpaka mpira mmoja ukamponyoka na kumpiga kijana mdogo, wa kofia ngumu iliyomzidi kichwa, kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika. Gracien alivua kofia, akaenda kumwomba msamaha kijana na mama yake. Timu ilishinda, lakini aliporudi hakucheka na mtu.

“Ni mchezo,” Zéphyrin alimwambia. Ni neno rahisi kwa mtu ambaye mfupa si wake.

Saa sita akaja Sandrine kutoka mtaa wa Gulfton, humo humo Houston, rafiki wa Clothilde, mke wa Zéphyrin, tangu siku za kambini. Alikuja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, fufu imefungwa kwenye plastiki, na binti yake Orpa ambaye ndiye aliyeendesha gari. Miaka tisa walikuwa hawajaonana. Sandrine alimshika Gracien mashavu yote mawili.

“Huyu njo Gracien? Pacha ya Orpa yangu! Siku moja, kitanda kwa kitanda, nesi ule ule! Clothilde, unakumbuka namna tulilia?”

Clothilde alimkanyaga mguu. Alikuwa amechelewa.

Gracien alimgeukia Orpa, ambaye funguo za gari zilikuwa bado zinaning'inia kidoleni. “Na uko una-drive?”

“Nilipata license mwezi wa tatu,” Orpa akasema. “Nilipofika sixteen.”

Gracien aliweka sahani chini bila kuigusa. Akamwendea baba yake aliyekuwa anatoa barafu kwenye buti la gari.

“Papa, niko na miaka ngapi?”

“Yenye iko kwa karatasi.”

“Papa.”

Zéphyrin alifunga buti. Angeweza kumfokea, naye mtoto angenyamaza, maana nyumbani kwao neno la baba halirudishiwi. Lakini uongo ukishaulizwa uso kwa uso huwa mzito kuliko ulipokuwa umelala.

“Kumi na sita,” akasema. “Tangu mwezi wa tatu.”

Akamweleza. Karani alikosea hata mwaka. Kurekebisha ilikuwa ni faili kutolewa na kurudishwa mwisho wa foleni ya kwenda Amerika. Ndugu yake Wilondja alikwenda kurekebisha jina moja tu la mtoto, akaachwa kambini miaka minne. Kwa hiyo Zéphyrin alinyamaza, na kwa hilo hakuona haya hata leo. Alichoonea haya ni kilichofuata. Huku Texas, alipowaona watoto wa watu wakitetemeka mbele ya mwanawe, alikuwa akiwaambia wazazi wenzake kwamba ni kipaji cha Mungu, naye alijua vizuri kwamba Mungu alikuwa amesaidiwa na karani.

Gracien hakuuliza habari za kambi wala za karatasi. Machozi yalimlengalenga.

“Kwa hiyo mimi sijui kurusha. Mimi ni mkubwa tu.”

“Hapana, mwanangu…”

“Na ule mtoto wa asubuhi? Nimemvunja mkono, Papa. Nilikuwa nacheza na watoto.”

Gracien alitaka kocha ajue. Wakaenda wote wawili kwa kocha Gichuki, nesi Mkenya wa Arlington aliyekuwa akiifundisha timu hiyo siku zake za mapumziko. Gracien ndiye aliyesema, kwa maneno machache. Gichuki alikuwa anatafuna mbegu za alizeti, akaacha.

“Mzee, karatasi inasema fourteen,” alimwambia Zéphyrin. “Ligi inaangalia karatasi, haiangalii mdomo. Hiyo story iishie hapa. Final ni saa kumi, na yule coach wa private school amekuja kuona huyu kijana. Tutaongea Monday.”

Moyo wa Zéphyrin ukatua. Mwezi wa saba alikuwa na miadi ya kuhojiwa kwa ajili ya uraia, na hakutaka tarehe yoyote ya familia yake itajwe kwa sauti na mtu yeyote. Halafu ilikuwepo hiyo shule. Kocha wake akimchukua mtoto, angesoma bure.

“Umesikia kocha,” akasema.

“Coach,” Gracien akauliza, “kucheza na wakubwa inahitaji karatasi ingine?”

“Kupanda? Hapana. Mdogo anaweza kupanda akitaka. Ni mkubwa kushuka ndio hairuhusiwi.”

“Basi nipandishe.”

“Baada ya final.”

“Leo sirushi.” Gracien alimpa mpira mkononi.

Gichuki aliutazama mpira, kisha akamtazama baba. “Wewe ndiwe mzazi. Mwambie.”

Ni kweli, neno moja lingetosha. Gracien alikuwa hajawahi kumkatalia baba yake, na hata pale alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja. Zéphyrin alifungua mdomo aseme, shika mpira. Alikuwa na kila sababu, na zote zilikuwa sababu za mtu mzima mwenye akili. Lakini alijua kwamba mtoto angeushika, angerusha, angeshinda, na asingemwamini tena baba yake mpaka kufa.

“Coach,” akasema, “mwanangu iko na miaka kumi na sita. Mimi njo nilijua. Yeye hakujua.”

Gichuki alitema mbegu. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

“Haya. Hayo nimeyasikia mimi peke yangu, na siandiki mahali.”

Walipigwa tisa kwa mbili. Wazazi waliambiwa tu kwamba Gracien harushi, wakaona ni maringo ya mtoto aliyesifiwa kupita kiasi, na hakuna aliyeiaga familia hiyo wakati wa kuondoka. Kocha wa shule aliondoka kabla ya mechi kufika nusu. Njia nzima ya kurudi Garland Clothilde alijifanya amelala.

Jumatano, kwenye mazoezi ya timu ya wakubwa, Gracien alisimama kwenye kichuguu. Mpigaji wa kwanza aliupeleka mpira wake nje ya uzio. Wa pili akaupiga hadi kwenye miti. Wa tatu na wa nne nao hawakumwonea huruma, na mmoja alicheka. Zéphyrin, nyuma ya waya, alitamani kumwita waende zao nyumbani. Gracien alijifuta jasho, akaomba mpira mwingine.

Wa tano alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu. Alikosa mara ya kwanza. Akakosa ya pili. Ya tatu gongo lilipita hewani tupu, akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi; ilikuwa ni mazoezi tu. Baada yake, wa sita akaupeleka tena mpira wa Gracien nje ya uzio.

Alipoingia garini alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

“Papa, uliona ule wa tano?”

“Nilimwona.”

“Iko na miaka kumi na sita,” Gracien akasema. “Sawa na mimi.”